Namna ya kupima mwenyewe kama usichokiona kinakusukuma, laptopu tu inatosha

Mdogo wangu alikuwa analala na hedifoni masikioni usiku kucha anasikiliza sauti ya mvua, mimi nikajua anatafuta usingizi tu, kumbe chini ya ile mvua eti kuna maneno yamefichwa, "pesa zinanifuata, pesa zinanipenda", yanasemwa kwa sauti ndogo kiasi kwamba sikio halisikii ila ubongo unanasa, na ameambiwa asikilize siku 21 bila kuruka hata moja. Bando linaisha, pesa haziji. Nikamcheka sana, naye akaniuliza swali moja tu: "Sasa kaka, wewe una uhakika gani kwamba haifanyi kazi?" Nikakaa kimya. Sikuwa na uhakika wowote, nilikuwa na kejeli tu.

Nikaanza kuchimba, na nilichokuta ni kwamba ubongo kweli unasoma vitu ambavyo mwenyewe ungeapa hujaviona, hilo limepimwa maabara miaka na miaka, ila unavisoma kwa namna ambayo haiwasaidii kabisa wauza audio. Na raha yake ni kwamba huhitaji maabara. Laptopu ya kawaida, jioni mbili, marafiki kama kumi wenye uvumilivu na soda za kuwahonga, basi. Nakuelekeza nilivyofanya mimi, pamoja na pale nilipoboronga.

Kwanza toa stori ya bisi kichwani, maana kila mtu ukimgusia mada hii anakuletea hiyo. Mwaka 1957 mtu wa masoko Marekani, James Vicary, alitangaza kwamba kwenye sinema moja pale Fort Lee, New Jersey, alirusha maneno ya kuwaambia watu wale bisi na wanywe Coca-Cola, kila mrusho sehemu 1 ya 3,000 ya sekunde, kwa wiki 6, kwa watazamaji 45,699, na eti bisi zikapanda asilimia 57.7 na Coca-Cola asilimia 18.1. Angalia hizo desimali zilivyo na adabu, nani angebisha? Mwaka 1962 akaliambia gazeti la Advertising Age kwamba ile ilikuwa janja ya kutafuta wateja, data zenyewe zilikuwa chache mno kuwa na maana yoyote. Lakini stori ilishatoka, na mpaka leo inauza audio za mvua.

Tunachokwenda kuiga sisi ni kazi ya Stanislas Dehaene na wenzake wa Ufaransa, iliyotoka mwaka 1998 kwenye jarida la Nature. Mtu anaona namba kwenye skrini, anabonyeza mkono mmoja kama ni ndogo kuliko 5 na mkono mwingine kama ni kubwa kuliko 5. Kazi ya mtoto wa chekechea. Ila kabla ya hiyo namba kuna namba nyingine inapita kwa milisekunde 43 (kwa kifupi ms, yaani sehemu 43 za elfu za sekunde), imebanwa katikati ya herufi za ovyoovyo mbele na nyuma, mtu haioni kabisa. Ikawa namba fiche ikiwa upande mmoja na namba ya wazi (zote ndogo au zote kubwa) watu wanajibu haraka zaidi, zikigombana wanachelewa, tofauti ya milisekunde ishirini na kitu hivi. Na walipopima ubongo wakakuta sehemu inayoendesha mikono ilishaanza kujiandaa kujibu ile namba fiche. Yaani mkono unataka kuondoka kabla mwenye mkono hajapewa taarifa. Hapo ndo nilipokoma kucheka.

Basi tuanze.

Programu niliyotumia ni PsychoPy, ni ya bure, ina sehemu inaitwa Builder ambayo unaburuta vipande na kuvipanga bila kuandika kodi. Faili lake la kuinstoo ni zito, kwa hiyo tafuta waifai ya mtu usimalize bando lako. Ukishindwa kabisa ipo jsPsych inayokimbia ndani ya brauza, ila huko lazima ujue kodi kidogo.

Kabla ya kupanga chochote nenda kwenye setingi za skrini uone inajichora mara ngapi kwa sekunde. Laptopu nyingi ni Hz 60, yaani mara 60 kwa sekunde, maana yake kila picha, tuite fremu, inakaa kama ms 16.7. Huwezi kuonyesha kitu kwa ms 20, skrini haina huo uwezo, ni fremu 1 au fremu 2, hakuna fremu moja na robo. Mwenye skrini ya gemu ya Hz 144 fremu yake ni kama ms 7 kwa hiyo ana uhuru zaidi. Hesabu zangu zote hapa ni za Hz 60.

Na hapa ndo niliboronga. Mara ya kwanza muda wote nilijaza kwa sekunde, nikaandika 0.03, nikaona nimemaliza. Laptopu haikuwa kwenye chaji, imejiweka yenyewe kwenye kubana betri, nyuma kuna vichupo ishirini vya brauza na filamu inajidaunlodi. Jamaa wa kwanza kukaa, hata hajafika mara ya kumi, ananiambia "mbona kuna 7 inapita hapo?" Jioni nzima imekufa. Kwa hiyo: weka muda kwa fremu siyo kwa sekunde (Builder inakuruhusu kuchagua), chomeka chaja, funga kila kitu kingine, na zima ile hali ya kubana betri.

Halafu hakikisha kwa macho ya simu. Simu nyingi siku hizi zina slomo ya picha 240 kwa sekunde. Rekodi skrini wakati jaribio linakimbia, kisha sogeza video picha moja moja. Kitu cha fremu 2 kwenye skrini ya Hz 60 kinatakiwa kionekane kwenye picha kama 8 za video. Ukihesabu 12 au 16, skrini yako inaruka fremu na wewe unapima kitu kingine kabisa. Dakika tano tu hizi, zingeniokolea jioni na soda.

Sasa mpangilio wa kila mzunguko:

– alama ya kujumlisha katikati, fremu 30
– kifuniko cha kwanza, fremu 4
– namba fiche, fremu 2
– kifuniko cha pili, fremu 4
– namba ya wazi, fremu 12, kisha skrini tupu mpaka ajibu

Kifuniko ni herufi kubwa za ovyo kama MWKXHR, zikae palepale zitakapokaa namba, saizi ileile au kubwa zaidi, na kifuniko cha pili kisiwe na herufi zilezile za cha kwanza. Usitumie I, O wala S, zinafanana na namba. Hiki kifuniko ndo roho ya jaribio zima. Ukikitoa, fremu 2 zinatosha kabisa mtu kuona namba vizuri tu, maana jicho na ubongo vinaendelea kuishikilia picha hata baada ya kuzimika. Kinachoiua siyo ufupi wa muda peke yake, ni kile kinachokuja juu yake haraka kabla haijatulia. Kama mtu anaanza kukusimulia jambo halafu mwenye sauti kubwa anaingilia, maneno yalishaingia sikioni ila hukupata nafasi ya kuyashika.

Namba za wazi tumia 1, 4, 6 na 9. Namba fiche tumia 2, 3, 7 na 8. Usichanganye, na nina sababu. Kama namba fiche ni zilezile ambazo mtu ameshazijibu mara mia, inawezekana ubongo hausomi maana yoyote, umezoea tu kwamba umbo la 9 ni mkono wa kulia. Watafiti Abrams na Greenwald mwaka 2000 walionyesha kitu cha kuchekesha, watu walipozoea kuainisha maneno mabaya mawili ya Kiingereza, neno zuri lililoungwa kwa vipande vya yale mawili likirushwa kwa kificho ubongo ulilichukulia kama baya. Ulikuwa unasoma vipande tu, siyo neno. Mwaka uliofuata Naccache na Dehaene wakajibu kwa kutumia namba fiche ambazo mtu hajawahi kuzijibu wazi hata mara moja, na bado zikafanya kazi. Hapo ni maana inapita, siyo mazoea ya umbo. Sisi tunafuata njia hiyo.

Namba 4 za wazi mara 4 za fiche ni michanganyiko 16, 8 inakubaliana na 8 inagombana. Iandike kwenye Excel, safu moja namba fiche, ya pili namba ya wazi, ya tatu jibu sahihi, ya nne andika "sawa" au "ugomvi", safu ya tano na sita vifuniko. Ilishe kwenye luupu ya Builder irudie mara 20, ichanganywe kwa bahati nasibu. Unapata mizunguko 320, weka mapumziko kila baada ya 80, kwa mtu wa kawaida inaisha ndani ya robo saa. Kabla ya hapo mpe mizunguko 20 ya mazoezi ambayo huihesabu.

Mwambie nini anayepimwa? Mwambie ajibu haraka asikosee, aangalie katikati, na kwamba herufi zitapepesa kidogo. Usimtajie namba fiche mpaka amalize, ila mwambie wazi kwamba kuna jambo utalieleza mwishoni na anaweza kuacha muda wowote. Mwenye kifafa au ambaye mwanga wa kupepesa unamsumbua asikae kabisa, hilo usilifanyie utani.

Ile alama ya kujumlisha usiibadilishe muda wake, iache fremu 30 kila mara. Naccache na wenzake mwaka 2002 walikuta kwamba mtu asipojua namba itakuja saa ngapi, nguvu ya namba fiche inapotea. Hebu lifikirie hili vizuri. Hata kitu usichokiona kinahitaji uwe umekaa mkao wa kusubiri, umeelekeza akili pale, wakati uleule. Wanaosema ujumbe fiche unapita nyuma ya mgongo wako ukiwa umelala au unaosha vyombo, hapa ndo pa kuwauliza vizuri.

Sasa sehemu ambayo wengi wanairuka: utajuaje kwamba kweli hakuiona? Kumuuliza "umeona kitu?" haitoshi. Tangu mwaka 1884 Charles Peirce na Joseph Jastrow pale chuo cha Johns Hopkins walijipima wenyewe kwa uzito unaokandamiza kidole, tofauti ndogo mpaka wanasema wenyewe sina hakika hata kidogo, nabahatisha, na bado kubahatisha kwao kulipata zaidi ya kurusha sarafu. Mtu anaweza kusema sijaona na akawa ameona kidogo. Kwa hiyo akimaliza mizunguko 320, mweleze ukweli wote, kisha mpe mizunguko mingine 96, safari hii aachane na namba ya wazi, abahatishe ile fiche ilikuwa ndogo au kubwa, bila haraka. Kwa kubahatisha tu atapata karibu na 48, na chochote kati ya 38 na 58 kinaweza kutokea kwa bahati. Akipata 75, huyo anaona, data zake ziweke pembeni.

Angalia mtego mmoja hapa. Kwa kuwa nusu ya mizunguko inakubaliana na nusu inagombana, mtu ambaye hakuelewa maelekezo akaendelea kujibu namba ya wazi naye atapata 48 safi kabisa, na wewe utafurahi bure. Kwa hiyo linganisha pia majibu yake na namba ya wazi. Yakifanana karibu yote 96, rudia maelekezo, hakukuelewa.

Kuhesabu. PsychoPy inakuwekea kila kitu kwenye faili la csv, jedwali linalofunguka kwenye Excel. Futa majibu ya makosa, futa yaliyokuja chini ya ms 200 (huyo alibonyeza kabla ya kuona) na yaliyozidi ms 1,000 (huyo alikuwa anasoma meseji). Kisha kwa kila mtu tafuta muda wa katikati wa mizunguko ya "sawa" na wa "ugomvi", toa. Katikati siyo wastani, yaani panga kutoka dogo mpaka kubwa uchukue lililo katikati, maana mtu akipiga chafya mara mbili wastani unaharibika. Usihofu kuhusu kibodi ya kawaida kuchelewesha milisekunde chache, inachelewesha pande zote mbili sawa.

Usitafute muujiza kwa mtu mmoja. Majibu ya binadamu yanacheza sana, leo 430 kesho 560, na tofauti unayoitafuta ni kama ms 20, kwa mtu mmoja inaweza kumezwa au hata kugeuka. Ndo maana nasema watu kumi. Wakiwa tisa au zaidi kati ya kumi wana "ugomvi" unaochelewa kuliko "sawa", hiyo kwa kurusha sarafu kumi ingetokea kama mara 1 katika 100, unaweza kuanza kuamini. Wakiwa sita kwa nne, usiite matokeo, ongeza watu au rudi kwenye slomo uangalie fremu. Kitu kingine, ukijaribu na mishale ya kushoto na kulia badala ya namba unaweza kupata kinyume kabisa, mizunguko inayokubaliana ndo inachelewa. Usitupe laptopu, Eimer na Schlaghecken walilikuta hilo mwaka 1998, inaonekana mkono ukishachokozwa halafu mchokozi akapotea, mwili unajizuia wenyewe.

Ukishapata tofauti yako, fanya jaribio moja zaidi kabla hujawatangazia watu. Kifuniko cha pili kitoe kwenye fremu 4 ukipe fremu 30, kila kitu kingine kibaki hivyohivyo. Sasa kati ya namba fiche na ya wazi kuna nusu sekunde. Greenwald na wenzake waliandika mwaka 1996 kwamba nguvu ya kitu kilichofichwa hivi haizidi sana sehemu 1 ya 10 ya sekunde, tofauti na kitu ulichokiona waziwazi ambacho unaweza kukitunza na kukitumia baadaye. Nusu sekunde tu hiyo. Mwenye audio anakuambia siku 21.

Kuna jibu moja wauzaji wanapenda kulitoa, na ni la kweli nusu: utafiti wa Karremans na wenzake Uholanzi, mwaka 2006, walirusha kwa kificho jina la kinywaji cha Lipton Ice na watu wakakichagua zaidi. Ndiyo. Ila ni wale waliokuwa na kiu tayari, na waliulizwa muda uleule. Asiyekuwa na kiu hakusogezwa. Yaani kilichofichwa kilichagua chupa, hakikuumba kiu.

Na audio zenyewe je, zinapimwaje? Hii ni rahisi zaidi, haihitaji hata laptopu. Greenwald huyohuyo na wenzake wengine mwaka 1991 walichukua kanda za kujisaidia zilizokuwa zinauzwa, za kuongeza kumbukumbu na za kuongeza kujiamini, wakabadilisha lebo kwa baadhi ya watu, kanda ya kumbukumbu ikaandikwa ya kujiamini na kinyume chake. Baada ya wiki kadhaa za kusikiliza hakuna kanda iliyofanya ilichoahidi, lakini zaidi ya theluthi moja ya watu waliona wamebadilika kufuatana na lebo. Waliponywa na karatasi.

Kwa hiyo mdogo wangu nilimwambia hivi. Chukua audio yako na sauti ya mvua ya kawaida ya urefu uleule, mpe dada azipe majina A na B, asikuambie wala asiniambie mimi. Wiki moja A, wiki moja B, na dada ndiye anayerusha sarafu kuchagua ianze ipi. Kabla hujaanza andika kwenye daftari utapima nini hasa, kwa kuwa "najisikia tofauti" siyo kipimo, yeye aliandika hela iliyobaki Jumapili jioni na idadi ya wateja waliompigia simu. Kisha abahatishe ipi ni ipi kabla dada hajafungua siri. Wiki ya pili haikuisha, alipoteza hedifoni kwenye daladala.

Ukichoka na namba, badilisha namba fiche ziwe maneno, namba ya wazi ibaki tarakimu. Mbili, tatu, saba, nane. Neno halina umbo la kufanana na tarakimu, kwa hiyo likisukuma mkono, kilichopita ni maana tupu. Ongeza herufi za kifuniko zifike nane ili zifunike "mbili" yote, na usiingize "sita" na "tisa" kama fiche, siyo tu kwamba ni namba zako za wazi, ni herufi zilezile nne zimepangwa upya, na ubongo unaosoma vipande kwa haraka hivyo sidhani kama utazitenganisha. Wadau wenye lugha mbili nyumbani wanaweza kuweka nusu ya maneno kwa kilugha. Mimi hiyo bado naitafutia watu kumi, na soda zimepanda bei.